Mama Kulusumu, Uliyekataa Kumficha Nulu

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokuzika, na nyumba yako ya Namatala bado haijazoea. Mumeo, baba yetu Haji Mutwalibu, siku hizi hutoka na shati lenye mikunjo. Ungekuwepo usingemruhusu kwenda namna hiyo hata dukani kununua chumvi.

Ulikuwa na mdomo, na tulikuogopa kidogo. Ulimsalimu mtu huku unamng'oa uzi uliotokeza kwenye kola, kisha unamwuliza kama amekula. Asiyekula hakuachiwa kuondoka hivi hivi.

Baada ya vita vya sabini na tisa, wajane walijaa mtaani. Uliwakusanya sebuleni ukawafundisha kushona kwa zamu, kwa cherehani chako kimoja. Miongoni mwao walikuwamo wake wa askari wa serikali iliyoanguka, ambao majirani wengine hawakutaka hata kuchota nao maji. Uliwaambia majirani hao kisima si cha baba yao.

Miaka ilipita, Wahindi waliofukuzwa nchini na serikali ile wakaanza kurudi. Bi Urmila wa Jinja akaanzisha mfuko wa hisani wa kusaidia wajane, kwa jina la kaka yake Mahendra, ambaye askari wa serikali ileile walimchukua dukani mwake asionekane tena. Tulipoahidiwa vyerehani, mtaa mzima ulifurahi, halafu hofu ikaingia. Wakubwa wa mtaa walikusihi uwaambie Nulu na wenzake, wale wake wa askari, wanyamaze siku atakapokuja Bi Urmila, maana Kiswahili chao cha kambi za jeshi kingewafichua. Wewe ukawakalisha kwenye mkeka wa mbele.

"Mama Urmila," ulisema, "hawa mabwana zao walikuwa maaskari wa ile serikali. Mimi siwezi kukuficha."

Bi Urmila aliinuka, na gari likarudi Jinja na vyerehani vyake. Kwa muda mrefu watu walikupita sokoni kama hawakuoni, wakisema umewanyima riziki kwa kujifanya mwema. Tulikusikia ukilia jikoni, na ilituuma sana. Lakini darasa lako hukulifunga, na Nulu hukumtoa.

Kisha siku moja Bi Urmila alikuja peke yake, akauliza nyumba ya Nulu. Ulimpeleka mwenyewe ukaketi nao. Alimwuliza Nulu mumewe amezikwa wapi.

"Vita vilipokwisha, walioshinda walimchukua nyumbani, mama," Nulu akajibu. "Hata mimi sina kaburi."

Ulitusimulia kwamba wale wawili walishikana mikono mpaka chai ikapoa, na kwamba aliyelia zaidi ni wewe, ambaye hakuna aliyekuuliza kitu. Vyerehani vilikuja. Mpaka leo watoto wa mtaa huu huvaa sare zilizoshonwa na wanawake wale wote, na hakuna anayeuliza nani alikuwa mke wa nani.

Unakumbukwa na mumeo Haji Mutwalibu. Wanao Zubairi na Latif. Mkweo Nabifo na wajukuu zako wote. Pamoja na Nulu na wenzake, ambao kwetu ni mama wadogo. Tulipokuwa tukiandika haya, Bi Urmila alipiga simu kutoka Jinja. Aliomba jina lake tusiliweke pamoja na wafadhili, wala pamoja na marafiki. Aliomba liwe hapa, kando ya Nulu.

Tumeliweka, Mama. Hatutakusahau maisha yetu yote.