Fremu Niliyoisogeza kwa Mguu

Mpendwa Papa,

Hili sijamwambia mtu yeyote: Jumapili ya mwisho tuliyopima majani pamoja, nilisogeza fremu.

Nakuandikia Kiswahili. Kwa Kiingereza lingesikika kama ripoti ya shule.

Wewe uliyesomea malisho kule Kivu, halafu huku ukalinda mageti ya watu, uliniundia fremu, mraba wa waya, tukapanda nao kilimani, juu ya mtaa wetu wa Yeoville, penye majani mafupi. Uliniambia nigeuke, niurushe nyuma ya mgongo. Popote ulipoangukia tulikata kila jani la ndani, tujue ardhi imeotesha kiasi gani tangu mvua zianze. "Usichagule," ulisema. "Ikianguka kwa udongo mutupu, andika udongo mutupu. Hiyo pia ni jibu."

Kisha saluni kwa Mama, mifuko ya karatasi yenye majani chini ya lile dude la kukaushia nywele, tukipima tena na tena mpaka uzito ukatae kushuka. Mama naye: "Papa Neema! Kesho wateja wataniuliza kama hapa tunasuka watu ao mbuzi!" Ulicheka mpaka ukashika kiti.

Siku ile kikohozi kilikuwa hakikuachi. Wewe ulitaka sana kujua kama upande wa kilima uliokuwa umeungua umepona. Tulirusha mara tatu tu. Ya tatu ikaangukia mawe na vijani vichache. Ulikuwa umenipa mgongo, unanoa mkasi. Nikaisukuma kwa mguu, hatua mbili, penye majani tele.

"Eish, Neema! Inaota kupita mbele ya moto!" Kanisani ulimwambia kila mtu kwamba majani yameota kuliko kabla ya moto. Wiki tatu baadaye tukakuzika.

Mwaka huu nimepima peke yangu, kazi ya shule. Mwalimu wa sayansi kaweka namba zangu kando ya zako nilizonakili zamani, akasema upande ule unazidi kuchoka, niandike hivyo. Lakini labda haujachoka, Papa. Labda ni mimi tu niliyepandisha namba yako. Unanijua, darasani mimi si wa kuinua mkono.

Daftari lako la vipimo Mama amelifunga ndani ya kitenge. Hataki mtu aandike humo hata nukta. "Huo ni mukono ya baba yako," anasema. Leo nimelifungua. Nimepiga mstari mmoja juu ya ile namba, mwembamba, ili mwandiko wako usomeke, na pembeni nimeandika: *Neema alisogeza fremu. Isihesabiwe.*

Kinachouma si namba. Furaha yako ilikuwa pale, na hadi sasa sijui kama nilikupa kitu au nilikuibia.

Kandambili za Mama zinakuja kwenye korido. Mkono wangu umeshafunika daftari na barua hii, wenyewe, kama kawaida yake.

Nimeuondoa. Pumzika, Papa. Anashika kitasa.

Binti yako,
Neema