Puli ya Masika

Lundi, 3 mars. Butembo.
Asubui, moto, pistons nzee za motokari. Mimi niko nayeyusha alimini, mwenzangu Masika njo anatengenezaka moule, lile umbo ya kumiminia, ndani ya mchanga. Kila siku ni vile. Leo hakukuya, dada yake anazala. Papa Muhindo, mteja wetu, akafika toka Beni kuchukua puli, gurudumu ya mukanda ya mashini yake ya kusaga mihogo. Akaigeuza-geuza. Laini, hata katundu hapana.
"Nani alitengeneza hii?"
Nikasema: "Ni mimi."
Ilitoka tu mu kinywa.

Mardi, 4 mars.
Papa Muhindo anafungua atelier, karakana ya kuyeyusha, kule Beni. Anataka nikuwe chef, mukubwa wa kazi. Nilipashwa kukatala. Nikaitika. Bibi yangu akachinja kuku. Masika naye akanipongeza. Hajue kitu. Nasikia haya sana.

Vendredi, 14 mars. Beni.
Puli yangu ya kwanza. Nikavunja mchanga: matundu-matundu, sawa mukate. Nikairudisha kwa moto kabla Papa Muhindo aione.

Lundi, 17 mars.
Ya pili imepasuka kwa tour, mashini ya kuchonga chuma, wakati wa kuilainisha. Mashini ingine ya Papa Muhindo inangojea hii puli. Imesimama. Bamama banatoka njia ya Eringeti na mihogo, banarudi nayo kwa kichwa.
Papa Muhindo akauliza: "Lakini ile ya Butembo, uliifanyaka je?"
Nikasema mchanga ya Beni ni mubaya. Mutu muzima, nasingizia mchanga!

Mardi, 18 mars.
Nimemupigia Masika simu. Nikamuambia yote, nikamuomba akuye anisaidie. Akajibu: "Yaya Kakule, kabla nikuye, umuambie weye mwenyewe."
Nimemuambia Papa Muhindo: moule ya ile puli ilikuwa ya Masika. Nilikuwa naangalia viatu vyake. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Jeudi, 20 mars.
Masika amefika na pikipiki. Mukono hakunipa. Akafinya mchanga. "Iko na maji mingi. Alimini ya moto ikiingia, maji inakuwa mvuke. Njo ile matundu."
Akakausha mchanga, akatengeneza moule, akatoboa njia ya mvuke. Nikamimina bila kukatisha. Puli ikatoka muzima. Papa Muhindo akamuomba abakie chef. Akaitika. Nikaanza kukunja nguo zangu.
Masika akauliza: "Unaenda wapi? Nani atanimiminia?"
Hakucheka.

Dimanche, 23 mars.
Kanisani. Mama moja pembeni yangu akauliza ni kazi gani ilinileta Beni.
Nikasema: "Niko nayeyusha alimini kwa atelier ya Masika."
Akasema ni muzuri. Tukasimama kuimba.