Dada Kanyoa Kipimo

Shoga, uko wapi? Achana na vyombo, soma hapa.

Leo nilimsindikiza dada kwenye ule utafiti wa hospitali, wa wanawake wenye vifuko kwenye ovari, unaoangalia homoni zinavyovuruga sukari mwilini. Unamjua alivyo mtanashati. Kaamka alfajiri, kanyoa kidevu mpaka kinang'aa kama sahani!

Tumefika, daktari, mwanamke aliyevaa barakoa, akamtazama kidevu. Akamtazama tena. "Dada yangu, nywele ziko wapi? Hizo ndizo zinazotuonyesha homoni, ndizo tunazopima."

KANYOA, shoga! Kanyoa kipimo!

Maskini, akadhani anafukuzwa, machozi hayo. Miaka yote anaambiwa ananenepa na hedhi inapotea kwa sababu ya ulafi. "Niambie ukweli tu, daktari. Ni mdomo wangu?"

Daktari akashusha barakoa. Mwenyewe ana vindevu, shoga! "Si ulafi, ni homoni. Hata mimi zimeniandama. Damu tunachukua leo. Kidevu usikiguse, urudi mwezi ujao."

Dada alicheka huku analia.

Sasa yuko sebuleni, kidevu juu kama bibi harusi. Mama kamletea kibano cha kung'olea vindevu vikiota, akakisukuma kando: "Mama, usiguse mali ya utafiti!"