Ghala la Babu Lililokohoa

Jumapili, Novemba. Kharumwa. Mvua ya juzi imelaza vumbi tu, haijatosha kupandia. Nimetoka kanisani, nimevua viatu, chai inapoa mezani, na magotini nimepakata kisanduku cha bati cha babu.

Shajara yangu, leo sina raha na mimi mwenyewe.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnaijua kazi yangu. Niko masjala ya ardhi hapa wilayani, natunza majalada. Mtu akija na maneno mengi bila karatasi, namwambia kwa upole kwamba maneno hayagongwi muhuri. Wenzangu wananiita Mama Jalada, nami nimeshazoea kuitika. Napenda karatasi, na mapenzi hayo yalianzia kwenye kisanduku hiki.

Ndani mna risiti za kodi za babu Machibya, zimefungwa kwa uzi wa katani. Enzi za Mwingereza kodi ilihesabiwa kwa nyumba. Kwetu kila mke ana nyumba yake, kwa hiyo mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Ukikutwa njiani huna risiti, unafungwa kamba mbele ya watu. Ndiyo maana babu alizitunza kuliko nguo zake. Baba akazirithi, akaongeza za kwake, hadi zile za kodi ya maendeleo, ambayo alikuwa akiikimbia na kujificha kwenye mtama mgambo wakipita. Alikuwa akikimbia, akichoka analipa, risiti anaiweka kisandukuni. Baba alipofariki kikaja kwangu, mimi mtoto wa kwanza. Kodi yangu mimi inakatwa kabla sijauona mshahara, hata pa kujificha hakuna.

Sasa ile hadithi. Kila Krismasi ukoo ukikutana, lazima isimuliwe.

Babu alikuwa na wake wawili, bibi yangu Minza na bibi Holo. Kodi ya nyumba mbili ilikuwa imemshinda. Basi karani wa kodi alipokuja, babu akamwonyesha nyumba ya bibi Minza, akasema ndiyo hiyo, sina nyingine. Karani akanyoosha kidole kwenye nyumba ya bibi Holo. "Na ile?" Babu akasema, "Ile ni ghala la pamba." Mara ghala likakohoa. Karani akauliza, "Ghala gani linakohoa?" Babu hakutikisika. "Ni panya, bwana karani. Wameingilia tumbaku yangu." Karani akacheka mpaka akakaa chini, akapewa kuku, akaandika nyumba moja, akaenda zake.

Nimeisimulia ofisini mara ngapi, sijui. Naigiza na kile kikohozi. Watoto wa bibi Holo wakaitwa watu wa ghalani, hadi wajukuu, na hakuna aliyeona ubaya.

Mimi sikuona ubaya.

Mwezi huu kijiji chetu kinapimiwa mashamba ili watu wapate hati za kimila. Shamba la babu lina mstari wa minyaa, ile miti ya kupandia mipaka, katikati. Magharibi tuko sisi wa bibi Minza. Mashariki yuko baba mdogo Luhende, mtoto wa bibi Holo, mzee wa miaka sabini na ushee, aliyezaliwa hapo na kuzeeka hapo. Hakuna aliyewahi kuugusa ule mstari. Lakini mwaka huu wachimbaji wamefungua duara, yaani shimo la dhahabu, ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la jirani, na mwenye shamba anapewa mgawo wake wa mifuko ya mawe. Tangu hapo mdogo wangu Masanja, mwenye duka Geita, ameanza kukumbuka kwao.

Ijumaa tulikaa mbele ya kamati ya kijiji. Masanja akasema shamba lote ni la nyumba ya bibi Minza, na upande wa mashariki watu waliazimwa tu. Ushahidi? Akaninyooshea mkono.

"Dada ndiye mtu wa karatasi. Dada, risiti za babu zinasemaje?"

Mwenyekiti akanitazama. Baba mdogo Luhende hakunitazama, alikuwa akikunja ukingo wa kofia yake.

Nikasema, "Risiti zinasema nyumba moja."

Ni kweli. Kila risiti inasema hivyo. Baada ya hapo nikanyamaza, na nilijua kabisa ninachofanya. Mwenyekiti akasema wazee waliomwona babu wamekwisha, hivyo mimi nikitia sahihi mpaka wa minyaa kwa niaba ya nyumba yetu, baba mdogo atapata hati yake. Nisipotia, jina lake halitaandikwa, na wapimaji wanahama Jumanne.

Nimeshika shamba la mzee mzima kwenye kalamu yangu. Na nakiri hapa, nilipiga hesabu ya duara pia. Nina mtoto chuoni, na paa langu linavuja.

Jana asubuhi nikaenda kwake. Nilijiambia naenda kumweleza mambo ya kisheria. Uongo mtupu, nilikuwa nataka aniambie kwamba hana kinyongo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mayu. Karibu ghalani."

Alisema bila tabasamu, ingawa aliniita mayu, yaani mama, kama siku zote. Akanipa kigoda karibu na mafiga, yale yale ya bibi Holo, meusi, yamezama ardhini nusu. Maisha yangu yote nimeyaona mafiga hayo. Ghala la pamba na moto wapi na wapi? Hata mtoto angeuliza.

Nikaanza maneno yangu ya ofisini. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza kama najua nani alikohoa.

Nikasema ni bibi Holo. Ndivyo tunavyosimulia.

"Mama hakuwemo," akasema. "Karani alikuwa anakuja pamba ikishauzwa, wakati wa baridi. Mama akisikia anakuja alitubeba, mimi na dada yangu Kabula, tukalale porini hadi apite. Mwaka ule wa kikohozi alikuja mara mbili. Mara ya kwanza Kabula akarudi na kifua. Mara ya pili hakuweza kutembea, mama akamwacha ndani amefunikwa magunia, akamwambia asikohoe."

Akasogeza ukuni motoni.

"Alijitahidi sana. Alikohoa mara moja tu. Mvua za kwanza hazikumkuta. Watu wanasema sisi hatukulipa kodi, mayu. Tulilipa."

Mimi ninayejua namba ya kila jalada wilayani sikujua kama baba alikuwa na dada anaitwa Kabula. Kwenye kisanduku hayumo. Baba mdogo akasema alikuwa na miaka minane.

Nikamwomba radhi, nikalia, naye akaniacha nilie. Nilidhani sasa ataniomba sahihi. Hakuigusa habari ya shamba kabisa. Aliponisindikiza hadi kwenye minyaa akasema, "Ninakuomba kitu kimoja. Krismasi hii, nikiwepo, msiisimulie."

Nimerudi na ombi hilo hadi Kharumwa. Usingizi wa jana ulikuwa wa mang'amung'amu.

Masanja amepiga simu nikiwa natoka kanisani. Amesema, "Dada, usiharibu. Karatasi iko upande wetu." Nikamwambia habari ya Kabula. Nikasikia kelele za dukani kwake, halafu akasema hayo ni mambo ya zamani. Najua ataninunia, na akinuna Masanja hununa mwaka mzima. Krismasi huenda asije. Nampenda, nimembeba mgongoni, na hilo linaniuma.

Lakini babu alimdanganya karani kwa sababu ya shida. Mimi Ijumaa nilikuwa na shida gani?

Fomu ya kamati ina nafasi ya maelezo ya shahidi, kuhusu jinsi ardhi ilivyopatikana. Wengi huandika mstari mmoja. Nimeandika yangu sasa hivi, kwa mkono, na kesho saa tatu nitaisoma mbele ya kamati kabla sijatia sahihi. Risiti nitazibeba pia, nizionyeshe na kusema zilivyopatikana. Nainakili hapa ili nisije nikarudi nyuma nikimwona Masanja:

"Mimi Limi, mjukuu wa Machibya, naeleza kuwa Ijumaa sikusema yote. Babu yangu alikuwa na nyumba mbili. Ya magharibi ilikuwa ya Minza. Ya mashariki ilikuwa ya Holo, aliyeishi humo na watoto wake, Kabula na Luhende. Mpaka wao ni minyaa. Ghala hatukuwahi kuwa nalo."