Niuze Cherehani Ninunue Maikrofoni?

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, na kama umenizidi umri basi shikamoo, maana jambo lililonifanya nishike kalamu limeninyima raha na nyumbani siku hizi tunaongea kwa mafumbo.

Mimi ni fundi wa makochi, kazi naijua na wateja wananijua, na mwaka huu nimeingiwa na hamu ya kuanzisha podikasti, yaani kipindi cha watu kusikiliza kwenye simu zao, kuhusu namna ya kununua kochi bila kulizwa, na wazo lenyewe lilizaliwa siku shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipokuja karakana akaanza kunihoji kwa ukali kama mteja, "Shemeji, nikilikalia hili nitachomwa na msumari au na dhamiri yako?", nami namjibu na yeye ananirudi, hadi mama mmoja aliyekuja kugomba kwa sababu kazi yake imechelewa akakaa, akacheka, akasahau ugomvi uliomleta, akasema nyinyi wawili mngesikika redioni watu wangefaidi.

Basi tukajaribu, tukarekodi kwa simu sebuleni kwangu, na sebule yangu ina marumaru chini na kuta tupu, maana makochi yangu mwenyewe nilimuuzia mteja mwenye haraka, na tulipojisikiliza, mshauri, tulikuwa kama watu waliotumbukia kwenye tangi la maji, nikaona aibu sana, nikaenda kwa jamaa anayekodisha spika za harusi, akaniambia kwa simu hiyo unajisumbua, tafuta maikrofoni kubwa, mashine ya kuchanganya sauti na chumba kilichobandikwa sponji kuta zote, na bei ya hiyo sponji peke yake ilinikalisha chini. Sasa nimepata mtu wa kununua cherehani yangu ya kushonea ngozi, anakuja Jumamosi kuichukua, mke wangu amesema, "Uza, baba, halafu utuambie sauti inapikwaje," na shemeji naye amenuna, anasema amechoka kungoja na kuna wenzake kazini wanamtaka waanzishe kipindi chao. Bila yeye sina kipindi, mshauri, nitakuwa mzee anayejiuliza maswali na kujijibu. Naandika haya nimeegemea marobota ya sponji hapa karakana, hata nyundo sina hamu ya kuishika. Niuze cherehani, au niachane na ndoto hii?

Ni mimi, Fundi Makochi

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Unasema umeegemea nini? Haya, geuka nyuma utazame. Mtu anataka kuuza chombo kinachomlisha akanunue sponji, na barua ya kuomba ushauri anaiandika juu ya sponji! Ningekuwa mama yako ningekufinya sikio.

Pole, lakini. Najua sauti mbaya inavunja moyo, na kila anayejisikiliza mara ya kwanza hudhani ameibiwa koo. Ila simu yako haina kosa. Kosa ni la sebule. Marumaru na kuta tupu hurudisha sauti, sponji na vitambaa huimeza. Jamaa wa spika hakukudanganya, sponji ya studio ina ufundi wake, lakini yeye amezoea kuwasikilizisha watu mtaa mzima na wewe unataka watu wawili wasikike wakiongea. Mchagua jembe si mkulima, na wewe umechagua mpaka msimu unakwisha.

Fanya hivi. Asubuhi, kabla majirani hawajaanza kugonga, panga marobota yako pande tatu kama kibanda, tandika kitambaa kizito chini, mkae ndani mkitazamana. Zima feni. Simu ilaze juu ya nguo iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, iwe karibu na midomo yenu kiasi cha shubiri mbili, na uikatie mtandao asije mteja akapiga katikati. Mkiwa na zile spika za masikio zenye waya na kinasa sauti, kila mmoja avae zake arekodi kwenye simu yake, mpige makofi mara moja mwanzoni ili baadaye mjue pa kuzilinganisha sauti mbili. Jirekodini kidogo, msikilize, sogezeni simu, kisha ndiyo muanze.

Siku hiyo ongeeni jambo moja tu. Mbao mbichi, kwa mfano, na mteja atazijuaje. Usiandike hotuba ukaisoma, maana wewe ukisoma utalala, shemeji yako atalala, na sisi tutawafuata. Programu za bure za kukata na kuunganisha sauti zipo tele. Kata kikohozi na pale mlipopotea, kicheko kiacheni. Mkiwa na vipindi vitatu mkononi, hapo ndipo mtoe cha kwanza, kwenye mtandao usiotoza kuhifadhi, na kiungo chake muwatumie wateja wako wote. Kuhusu picha ya kipindi, piga kochi lililopasuliwa tumbo. Nani hatataka kujua kuna nini ndani?

Shemeji yako muombe radhi leo. Yeye hakudai maikrofoni, alidai siku ya kuanza, na mtu mwenye ulimi kama ule hutawaona wawili. Mkeo naye amekuonea huruma akakujibu kwa utani, wengine wangefunga mizigo. Mpe kipindi asikilize kabla ya mtu mwingine yeyote, umuulize alichoka wapi, na hapo alipochoka ukate bila kubishana.

Sasa neno la mwisho, na hili halina mzaha. Wewe unaogopa, fundi. Kutafuta vifaa ni njia tamu ya kuahirisha, maana anayetafuta vifaa hakuna anayemcheka. Kochi lako la kwanza lilikuwa zuri? Sidhani. Lakini lilikalika, na kwa hilo ukapata la pili. Kipindi chako cha kwanza kitakuwa na kasoro na utakitoa hivyohivyo. Watu wakianza kukiulizia, utanunua maikrofoni moja ndogo kwa faida ya makochi, na makochi hayashonwi kwa mdomo.

Mpigie huyo mnunuzi sasa hivi, umwambie cherehani haiuzwi. Na ukishakata simu usiirudishe mfukoni. Muite shemeji yako, ubonyeze kurekodi.