Niliandika Ukuta Umetengenezwa, na Jumamosi Watoto Watakaa Chini Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali usiniweke foleni moja na wale wa mapenzi, maana wao wanaweza kungoja. Mimi ni mama wa mtoto mmoja na ni karani wa diwani wetu, ambaye pia ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu tumbo moja, na kazi yangu kubwa ni ile taarifa yake ya kila mwezi, kurasa mbili, mwanzo zinakaa shughuli za mtaa na mwisho zinakaa kero za wananchi, na mbele ya kila kero naandika imepokelewa, au inashughulikiwa, au imekwisha. Tunaibandika ofisini, zahanati na kwenye mashine ya kusaga, na watu wanaisoma kweli, wengine kwa kufuatisha mstari na kidole, kwa sababu mjomba ana sifa moja ambayo hata wasiompenda hawambishii, kwamba taarifa yake haijawahi kudanganya.

Sasa sikia nilivyojiponza. Kuanzia kuandika mpaka kubandika hupita wiki nzima kwa sababu mashine ya kuchapia tunaazima, kwa hiyo nimejizoesha kuandika mbele, yaani fundi akiniahidi kwa simu kwamba Jumatatu atazibua mtaro, mimi naandika umezibuliwa, na karatasi ikitoka unakuta mtaro umezibuliwa kweli, nimefanya hivyo kwa taa, kwa bomba, kwa shimo la barabarani, na sijawahi kuumbuka. Mwezi huu ilikuwa zamu ya ukuta wa ghala la zamani, ule unaopakana na uwanja wa watoto, ambao umepasuka na kuinamia uwanjani, na idara ya ujenzi waliniahidi kuja kuushika kwa vyuma kutokea ndani ya ghala, nami nikaandika imekwisha. Hawakuja, mshauri. Gari lao liliharibika, na taarifa ikabandikwa vilevile na sahihi ya mjomba chini yake.

Kero hiyo ililetwa na mwashi mmoja tunayemwita Baba Pacha, na yeye hakukaa kungoja, alichomeka vigingi vya miti akazungusha kamba yake mwenyewe ili watoto wasisogee. Aliposoma ubaoni kwamba imekwisha, akaenda akaikunja kamba yake, na simlaumu, kwa sababu vyuma vilikuwa vya kukaa ndani na ghala lina kufuli, kwa nje hakuna la kuona. Akapita ofisini kunishukuru, akasema, "Ahsante dada, sasa hata mimi nina amani," na mimi nikamjibu karibu kaka, kwa mdomo huu huu. Tangu siku hiyo mapacha wake ndio wa kwanza kwenda kucheza pale.

Niliwapigia idara kuwakumbusha, aliyepokea akaniambia wameshaufuta ukuta kwenye orodha kwa sababu sisi wenyewe tumetangaza umekwisha. Nikajikaza nikaenda kwa mjomba, nikamkuta sebuleni anajifunza hotuba yake ya Jumamosi huku chai inapoa, nikasema mjomba, kuhusu ule ukuta, naye bila kuinua macho akaniambia, "Ule si tulishaumaliza? Nimesoma kwenye taarifa." Mshauri, anaamini taarifa yake mwenyewe kama watu wengine wanavyoiamini, na mimi badala ya kusema nikachukua kikombe nikaenda kumpashia chai.

Jumamosi asubuhi ni mashindano ya mbio za watoto, na kamati imepanga mabenchi ya wale wadogo chini ya ukuta huo kwa sababu asubuhi ndipo penye kivuli, na ni mjomba aliyepachagua mahali hapo, anataka wageni wauone ukuta uliotengenezwa. Kila nikitoka kazini napita pale kuwafukuza watoto, wameshanibatiza Mama Ondokeni, wananicheka na kurudi palepale. Mwezi uliopita ufa ulikuwa unaingia vidole, jana umeingia mkono wangu mpaka kiwiko, na nilipouchomoa mchanga ukaendelea kumwagika wenyewe, nikakimbia kama mwizi. Naogopa, mshauri, mlango wa ofisi ukigongwa nadhani wamekuja kuniambia umeanguka.

Na naogopa kusema pia. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kukosea jina la mgeni tu, mama yangu atasema nimemvua nguo kaka yake mbele ya watu, na Baba Pacha sijui nitamtazama kwa macho gani. Nimewaza kumwambia binti yangu abaki nyumbani Jumamosi, niseme anaumwa, kisha nikaona haya, maana nitakuwa nimemficha wangu na kuwaacha wa wenzangu. Je, niache kazi kimyakimya? Au ningoje mbio zipite, nikafuatilie idara upya Jumatatu? Nisaidie, nimechanganyikiwa.

Ni mimi, Karani Mwenye Hofu.

JIBU

Mwanangu karani, barua yako tumeikuta kwenye sanduku leo Alhamisi asubuhi na nimeisoma hewani leo leo, wa mapenzi wataniwia radhi.

Pole. Najua mtu anavyoweza kushika kikombe cha chai na ulimi ukamganda. Lakini pole yangu inaishia hapo. Kuandika mbele uliona ni uhodari, kumbe ulikuwa unabahatisha kwa usalama wa watu, na kwa kuwa ulibahatika mara kadhaa ukajiona mjuzi. Halafu unaniuliza kama ungoje Jumatatu? Umetia mkono mpaka kiwiko, mama, sasa unataka nani akuambie?

Kuacha kazi ni kukimbia. Ukiacha leo, mabenchi yatabaki pale pale. Na hilo wazo la kumficha binti yako, nashukuru uliona haya, kwa sababu limekuonyesha kwamba moyoni huna shaka hata kidogo kuhusu huo ukuta.

Sasa nisikilize. Usianze kwa mjomba, anza kwa Baba Pacha. Mwambie, "Kaka, ukuta haujaguswa, niliandika uongo, naomba kamba yako." Atakasirika, na ana haki, wanawe wanacheza pale. Lakini ni mwashi, hasira yake itaondoka na nyundo mkononi, na vigingi vitakuwa vimesimama kabla hujamaliza kulia. Kisha nenda naye kwa mjomba. Safari hii usiseme "kuhusu ule ukuta," sema haukutengenezwa, na kama amekuelewa vibaya rudia. Mwambie apige simu idara yeye mwenyewe, wewe umekaa hapo unamsikia. Mabenchi yahamie upande wa pili wa uwanja, watoto wapigwe na jua, jua halijavunja mtu mguu. Na kwenye mbao zote tatu bandika karatasi yenye herufi kubwa kwamba taarifa ilikosea na ukuta ni hatari. Mjomba atie sahihi. Akikataa, tia yako.

Huenda ukafukuzwa, sitakudanganya. Mama yako huenda akanuna mwezi mzima. Yote hayo utayavumilia, watu wamevumilia makubwa zaidi.

Nilipomaliza barua yako niliinua simu nimpigie mtu, yeyote, aende akazungushe hata kanga pale uwanjani. Nikaigeuza bahasha, nikaigeuza karatasi. Hukuandika mtaa. Hukuandika jina la diwani wala namba yako. Kwa hofu ya kujulikana umejificha vizuri mno, na mitaa inayotusikiliza yenye diwani na uwanja na ghala la zamani siwezi kuihesabu. Mimi siwezi kumwokoa mtoto hata mmoja, mwanangu. Anayejua ukuta uko wapi ni wewe peke yako, kwa hiyo zima redio uende.