Dawa Ipi Itangulie

Kijiji cha Ndama,
S.L.P. 31, Karagwe.
12 Agosti, 1989

Mpendwa kaka Theoneste,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yake? Natumaini wewe na wifi Adelgunda hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Sisi tunaendelea. Maharage tumevuna, ila upepo umetuangushia migomba.

Kaka, katika barua iliyopita nilikuficha jambo. Kansa ya titi la mama ilikuwa imeshafika mapafuni. Yeye mwenyewe alinikataza kukuandikia.

Kule hospitali Mwanza daktari hakutuzungusha: kupasua hakutasaidia tena. Lakini walikuwa wanajaribu michanganyiko miwili ya dawa za dripu. Wagonjwa wengine wanaanza na huu, baada ya miezi mitatu wanahamia ule. Wengine kinyume chake. Nani aanze na upi, inaamuliwa kwa kura ya bahati nasibu.

Mama akamkazia macho. "Kwa hiyo hata ninyi hamjui ipi itangulie?"

"Hatujui, mama. Ndiyo tunatafuta. Ukikataa, tutakutibu vilevile kwa dawa tulizozoea."

Mimi nilitaka tukatae. Nilipofungua mdomo, mama akanishika mkono. "Evangelina, titi ni langu." Akaomba wino, akaweka dole gumba.

Miezi mitatu ya kwanza, kaka, sitaki kuikumbuka. Nywele zilikwisha, alitapika hata maji, na uvimbe ulibaki palepale. Nilimchukia daktari, na mama nilimkasirikia pia, Mungu anisamehe. Walipobadilisha dawa, kikohozi kikaanza kupungua, kisha uvimbe. Tumerudi nyumbani mwezi uliopita. Jumapili alikwenda kwa jirani yetu Kantengwa kwa miguu yake, wakamenya ndizi huku wakicheka.

Usidhani amepona. Daktari alisema dawa imempa muda, ila hajui ni miezi mingapi. Nilimwuliza mama kama anajuta kukubali. Akasema, "Atakuja mwanamke mwingine na ugonjwa huu. Huyo wasimwambie hawajui." Tangu hapo nikiwa shambani maneno hayo hayanitoki.

Baba mdogo Ildefonsi na shangazi Costansia wanakusalimu, na mama anambariki wifi na tumbo lake. Mungu awafungulie njia, maana nataka mje. Usingoje simu ya kukuita mazishini. Njoo sasa, wakati mama bado anaweza kukupokea mlangoni.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Evangelina